Mafuta au verni, kitambaa au skai: meza mbili za baba baada ya miaka mitatu

Baba alipofariki, yaya (ndugu yangu mkubwa) alichukua meza ya saloni, yaani sebuleni, na viti vyake sita, mimi nikapewa meza ya barazani na viti sita vilivyobaki. Zote ni za mbao za mulombwa. Zote zilitoka mikononi mwa seremala mmoja wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, mwaka 1967, mwaka ule kampuni ya migodi ilipoacha kuitwa Union Minière, na baba hakuchoka kutukumbusha hilo. Zilikuwa zimechakaa kwa namna moja: uso mweusi kwa moshi wa mbabula (jiko la makaa) na jasho la mikono, viti vinalia kila mtu anapoegemea, sponji imegeuka unga wa njano unaodondoka chini.

Yaya alipeleka mzigo wake kwa fundi. Wiki tatu baadaye ulirudi unang'aa kama kioo: verni (vanishi) ya poliyuretani kwenye mbao, skai nyeusi, ile ngozi ya bandia, kwenye viti. Mimi nilifanya mwenyewe, jioni na Jumamosi, toka mwezi wa tano mpaka wa saba: mafuta ya kitani kwenye mbao, kitambaa kizito kwenye viti. Yeye anakaa mtaa wa Golf, mimi Katuba. Nyumba zote mbili zina watoto, wageni, na bukari (ugali) mara mbili kwa siku. Tangu hapo, kila tukitembeleana, kila mmoja anapapasa meza ya mwenzake kabla ya kuketi. Ninayolinganisha hapa ni yale yaliyozipata meza hizo ndani ya miaka mitatu. Bei siziandiki, maana dola hupanda na kushuka kabla wino haujakauka. Naandika vipimo, bei utaipata soko la Kenya (mtaa wetu wa hapa mjini, si nchi) siku utakapokwenda.

Kwanza igeuze miguu juu

Watu huanza kwa kuuliza rangi. Mimi nakwambia anza kwa kuigeuza meza miguu juu na kutazama kingo zake. Mistari ya mti ikitoka juu ikashuka ukingoni bila kukatika, huo ni ubao mzima. Ukiona ngozi nyembamba juu na kitu kingine chini yake, hiyo ni plake, na mara nyingi ngozi hiyo haifiki hata milimita moja. Mashine ya msasa itaitoboa kabla hujapumua. Na ukiona chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, kama zilivyo meza nyingi mpya zinazoletwa na malori kupitia mpaka wa Kasumbalesa, usijisumbue. Chembe zile zikinywa maji zinavimba na hazirudi, na skrubu ikishatoka kwenye tundu lake haishiki mara ya pili.

Mulombwa ndio mninga wa Watanzania na mukwa wa Wazambia. Ni mti mtulivu, ukikauka haujikunji sana, ndiyo maana meza ya 1967 bado imenyooka. Mbao pana za namna ile leo ni za kutafutwa kwa tochi, kwa sababu msitu wa karibu na mji umeishia kwenye magunia ya makala (makaa). Kwa hiyo kama meza yako ni ya mulombwa au muvula (mvule) na miguu ni mizima, kwangu swali la kununua mpya halipo, hata ile mpya ikiletwa mpaka mlangoni. Kagua tu ule ukanda mweupe wa pembeni ya gogo: wadudu wanaupenda. Ukikuta vitundu vidogo vinavyotoa unga laini, weka dawa ya wadudu kwanza, mengine yatasubiri.

Kujua kilichopakwa zamani

Hapa ndipo mimi na yaya tulipoachana njia, na yeye hakujua.

Chukua alkoli ya duka la dawa, lowesha pamba, ibandike dakika moja mahali pasipoonekana, chini ya ukingo kwa mfano. Pamba ikinata na kutoka na rangi ya chai, ni gomalaka, ile inayotokana na utomvu wa mdudu na kuyeyushwa kwa alkoli. Isiponata, jaribu diluanti wanayotumia wapaka rangi wa magari. Uso ukilainika, ni verni ya selulozi. Vyote viwili vikishindwa, una verni ya mafuta au poliyuretani, na hapo ndipo kazi ya jasho inapoanza.

Meza zetu zilikuwa na gomalaka. Yangu niliivua kwa alkoli, matambara na kipande cha chuma bapa, alasiri mbili tu, bila kugusa mbao yenyewe. Fundi wa yaya hakupima kitu; alishika mashine ya msasa akaanza. Gomalaka inapopata joto la mashine inalainika na kuziba msasa, kwa hiyo akazidi kubonyeza, na ule mchirizi mdogo ambao seremala wa 1967 aliuchonga kuzunguka ukingo mzima ukaondoka. Yaya anasema haoni tofauti. Mimi kila nikifika kwake kidole changu kinautafuta.

Ukilazimika kupiga msasa, shuka kwa hatua: namba 80 kwenye makovu tu, kisha 120, kisha 180, ukifuata mistari ya mti. Funika pua na mdomo, maana vumbi la mulombwa linawasha pua na kifua, na wenye pumu wakae mbali kabisa. Kama meza ilipakwa rangi ya zamani, usiikwangue kavu. Rangi nyingi za miaka ile zilichanganywa na risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto. Tumia dawa ya kuvulia rangi, kisha kwangua ikiwa bado imelowa.

Poliyuretani kwa yaya, mafuta kwangu

Poliyuretani hukauka ikawa ngozi ya plastiki juu ya mbao. Maji hayapiti, mafuta ya samaki hayapiti, mtoto akimwaga chai unapangusa na kuendelea na mazungumzo. Mwaka wa kwanza nilimwonea yaya wivu wa kweli. Kwangu glasi yenye barafu ikisahauliwa usiku kucha, asubuhi kuna duara. Kwake hakuna kitu.

Mwaka wa pili mtu alivuta sufuria ya bukari katikati ya meza ya yaya, na punje ya mchanga ilikuwa imejificha chini yake. Ukatokea mkwaruzo mweupe wa urefu wa kiganja. Wakaupuuza, kwani nani hana mkwaruzo? Ila kila siku kitambaa cha kupangusia kilipeleka maji kidogo ndani ya ufa ule, na ngozi ikaanza kuinuka pembeni, kwanza kama ukucha, kisha kama sarafu. Leo pana kidonda katikati ya meza, na huwezi kukitibu peke yake. Poliyuretani ikishakomaa haiyeyuki tena. Tabaka jipya halichanganyiki na la zamani, linalala juu yake tu na kuacha mpaka unaoonekana. Dawa yake ni kupiga msasa uso wote.

Kwangu hakuna ngozi ya kuinuka. Mafuta yameingia ndani ya mbao yakakaukia humo. Madoa ninayo, sikatai: maduara mawili ya glasi, na alama ya sufuria iliyotua moja kwa moja kutoka kwenye mbabula. Kila moja nilishughulika nayo kwa nusu saa: msasa laini mahali pale tu, mafuta kidogo, kesho yake sijui lilikuwa wapi. Mara mbili kwa mwaka napaka meza nzima tena, na ndiyo gharama halisi ya mafuta. Nyumba isiyo na mtu wa kukumbuka kazi hiyo itabaki na meza kavu, ya kijivu, inayokunywa kila kinachomwagika.

Nasema mafuta ya kitani, si mafuta yoyote. Jirani mmoja alinishauri mawese, eti wazee walifanya hivyo. Mawese na mafuta ya kupikia ya karanga hayakauki kamwe. Yanakaa pale yakinata vumbi mpaka yanuke. Mafuta ya kitani yanakauka kwa sababu yanashikana na hewa na kugeuka kitu kigumu. Nunua yale yaliyochemshwa, la sivyo utangoja wiki. Paka, subiri kama dakika 20, kisha pangusa yote yaliyobaki juu, yote kabisa, kwa sababu yakiachwa mazito yanakuwa kama gundi. Ngoja siku nzima, rudia. Mimi nilipaka mara nne.

Na hapa sikiliza vizuri. Matambara ya mafuta hayo usiyakunje na kuyatupa kwenye ndoo. Yanapokauka yanatoa joto, na yakirundikwa joto halina pa kutokea. Yanaweza kuwaka yenyewe bila kiberiti. Yatandaze moja moja uani, au yazamishe kwenye maji.

Kuna mipako mingine miwili ya kutajwa upesi. Gomalaka, ile ya baba, ni nzuri kuliko zote machoni na inarekebishika kirahisi, kwa kuwa tabaka jipya linayeyusha la zamani na kuungana nalo. Lakini inayeyuka kwa alkoli, na meza ambayo Jumapili hupokea chupa za bia ya Simba, na pengine kikombe cha lutuku (pombe kali ya kienyeji), haitadumu nayo. Inafaa kabati. Verni ya selulozi mafundi wanaipenda kwa sababu inapulizwa kwa kompresa na kukauka ndani ya saa moja. Haivumilii sufuria ya moto, na ikipulizwa siku yenye unyevu inabaki na ukungu mweupe ndani yake.

Kama meza yako ina duara, angalia rangi kabla ya kukata tamaa. Duara jeupe ni unyevu ulionaswa kwenye verni, haujafika kwenye mti. Mara nyingi kitambaa kikavu na pasi ya joto dogo huliondoa. Duara jeusi limeingia kwenye mbao, mara nyingi ni maji yaliyokutana na chuma, na hilo halitoki bila kuvua verni.

Viti: pesa iende ndani, si juu

Meza inatazamwa, kiti kinabeba. Ungekuwa na pesa ya kitu kimoja tu, ningekwambia uiache meza na doa zake uende kwenye viti.

Kiti kinacholia kina kiungo kilichoachia. Fundi wa yaya alipiga msumari kwenye kila kiungo, vikanyamaza kwa miezi minane, kisha vikaanza tena, na sasa miguu miwili imepasuka pale msumari ulipopita. Kiungo cha zamani kimeshikwa na gundi ya ngozi za wanyama, na gundi hiyo inalegea kwa maji ya moto. Mimi nilivifungua viti vyote, nikaandika namba kwenye kila kipande kwa chaki (usiruke hatua hii, miguu ya viti sita inafanana mpaka siku ya kuirudisha), nikakwangua gundi yote mpaka mbao tupu, nikaweka kole nyeupe, yaani gundi nyeupe ya mbao. Kole nyeupe haishiki juu ya gundi ya zamani. Kukwangua ndiko kazi yenyewe. Sikuwa na jiliwa la kubania, nikakata mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli kuwa kamba ndefu, nikaviringisha kiti kwa nguvu na kukiacha siku nzima. Mpira unabana kuliko kamba ya kawaida kwa sababu unavuta muda wote. Viti vyangu havijalia mpaka leo.

Kisha sponji. Muuzaji atakubonyezea kwa kidole na kusema ni ngumu. Ugumu si uzito, na kinachodumu ni uzito. Kwa kiti cha kulia chakula tafuta sponji ya kilo 30 au zaidi kwa mita moja ya ujazo. Utaijuaje, wakati hakuna karatasi inayosema? Ipime kwenye mizani. Kipande cha sentimita 40 kwa 40, unene 5, kikiwa cha kilo 30 kitakuwa na gramu 240. Ukiweka kwenye mizani kikaonyesha gramu 140 au 150, hiyo ni sponji ya kilo 18, ya mto wa kuegemea, na ndani ya mwaka mmoja utakuwa umekaa juu ya ubao. Nilimwomba mama muuza sukari mizani yake, akacheka, akaniita wazimu, akanipimia. Yaya hakupima. Viti vyake viliinuka vizuri siku ya kwanza, sasa katikati vina bakuli.

Unene nao una mipaka. Toka pa kukalia mpaka juu ya meza panatakiwa nafasi ya sentimita 28 hadi 30. Kiti huwa na kama 45 toka chini, meza 75. Ukiongeza sponji sentimita tatu kwa tamaa ya ulaini, magoti ya wageni warefu yatagonga ubao wa chini ya meza. Pima mtu akiwa ameketi, kwa kuwa sponji ikikaliwa inashuka.

Juu ya sponji, skai au kitambaa. Skai inapanguswa, na hilo kwa watoto wadogo si jambo dogo. Tatizo ni kwamba skai si moja. Ile laini, inayofanana na ngozi halisi, yenye mgongo wa kitambaa chembamba, mara nyingi ni ya poliyuretani, na unyevu na jasho huifanya imenyuke vipande vipande hata ikitunzwa. Ndiyo aliyowekewa yaya. Tangu mwaka wa tatu uanze, wageni wanaondoka na vumbi jeusi kwenye suruali. Ile nzito, ngumu kidogo, ya plastiki ya viti vya basi, inadumu zaidi. Mwisho wake ni kupasuka kwa ukavu. Na zote mbili mwezi wa kumi, jua la Lubumbashi likiwa limefika kileleni, zinang'ang'ania mapaja kama mtoto mchanga.

Kitambaa changu kina doa la sombe (kisamvu) kwenye kiti cha tatu, na halitoki. Lakini kinapumua, hakijachanika, na kwa kuwa pa kukalia panatoka kwa skrubu nne, naweza kubadilisha kimoja bila kugusa vingine. Hesabu ni rahisi: kwa kiti cha sentimita 45 unakata mraba wa 60 ili upate cha kukunjia chini, kitambaa cha upana wa 140 kinatoa viwili kwa kila safu, viti sita ni safu tatu, yaani mita 1.8. Nunua mita mbili na nusu, ile inayozidi iweke kabatini. Yangu imeshatumika mara moja. Kitenge kinavutia macho, nacho kinakuja na upana mdogo zaidi na ni chembamba; ukikitaka, tandika kwanza kitambaa cha pamba nzito chini yake, na ujue utakibadilisha mapema.

Fundi, au mikono yako

Fundi mzuri anafanya kwa wiki nilichofanya kwa miezi miwili na nusu. Yaya ana kazi inayomtoa nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, simlaumu. Kosa lake halikuwa kumpa fundi, lilikuwa kumwambia "nitengenezee" halafu akaondoka. Patana na fundi kwa maneno yanayohesabika: viungo vifunguliwe na kukwanguliwa, hakuna msumari, sponji ya gramu 240, verni isiyong'aa sana (mng'ao unaonyesha kila mkwaruzo), tabaka tatu, na msasa wa 220 kati ya moja na jingine. Nunua sponji na kitambaa wewe mwenyewe. Viti vikirudi, kabla hujalipa, vigeuze: chini ndipo utaona kama ni kazi ya mtu au ya haraka.

Majira pia yanachagua. Mvua za Novemba mpaka Machi zinachelewesha verni na kuvimbisha mbao. Juni na Julai hewa ni kavu, ila usiku baridi yetu inalaza mafuta bila kukauka. Ingiza meza ndani jioni. Agosti na Septemba upepo unabeba vumbi jekundu, na verni mbichi inalipokea lote. Mwezi wa tano ndio wangu. Ufa ukitokea juu ya meza wakati wa kiangazi, usiujaze kitu kigumu. Mbao imesinyaa tu. Mvua ikirudi itatanuka, itakutana na ulichojaza, na itapasuka pengine. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mwenye msasa wa mkononi anaendelea, mwenye mashine na kompresa anakwenda kulala.

Ningeanza upya leo, mafuta ningeyaacha kwenye meza na kupaka verni kwenye mbao za viti. Migongo ya viti hushikwa na mikono yenye mafuta ya chakula kila siku, na yangu imeshakuwa myeusi. Kwa mwenye watoto chini ya miaka mitano na asiye na Jumamosi, namwambia achukue poliyuretani kwenye meza na skai ile ya basi kwenye viti, alale usingizi. Na mkwaruzo wa kwanza autibu wiki hiyo hiyo, asingoje ukucha uinuke.

Jumapili iliyopita yaya alifika na viti viwili nyuma ya gari. Akavigeuza barazani, akaniuliza kama ile mizani ya mama muuza sukari bado ipo. Tumeanza na vile ambavyo miguu yake haijapasuka. Meza yake tumekubaliana ingoje mwezi wa tano.